Redio Mbili za Kanyakine



Baada ya darsa ya akina mama wiki iliyopita, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake walipokwisha kuvaa viatu, kisha akatuuliza swali kwa sauti ya chini. Alikuwa ameisikiliza sauti iliyotumwa katika simu ya bintiye, simu ikiwa juu ya meza na binti yuko jikoni. Alisikia nusu ya maneno, akaelewa jambo, akalala na jambo hilo siku tatu, na siku ya nne akakaribia kuvunja posa ya mtoto. "Sheikh," alisema, "sikuitafuta. Ilikuwa pale. Je, nina makosa?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe wiki moja, naye akaridhia jibu lije katika ukurasa huu bila ya jina lake kutajwa. Si kwamba hatuyajui yaliyoandikwa vitabuni. Tunayajua, na tunayasomesha. Lakini swali lake lilitugusa mahali ambapo hatujapata kupazungumza mbele ya watu. Ni jambo lililotupata tulipokuwa na umri wa miaka 23, katika soko dogo la Kanyakine, mbali na bahari.

Wengi wenu hamjafika Kanyakine. Ukitoka mji wa Meru kwa barabara ya lami iendayo Chuka na Embu, utavuka mstari wa Ikweta, utapita Nkubu, na kitambo kidogo baadaye utaikuta kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ni nchi ya kahawa, chai na migomba, ya mito ya baridi ishukayo kutoka mlimani, na ya ukungu wa asubuhi ambao mtoto wa Mombasa huudhania moshi. Tulipelekwa huko mwaka 1992 kusomesha watoto wa familia chache za Kiislamu zilizokuwa na maduka na biashara ya mifugo. Tulipewa chumba nyuma ya duka la mzee mmoja, na ubavuni mwake chumba kingine cha kuswalia na kusomeshea.

Usiku wa kule ulikuwa mrefu. Hapakuwa na baraza la mtaa; baridi ilifunga milango mapema. Tulichotoka nacho nyumbani kilikuwa msahafu, blanketi, na redio ya baba.

Redio ile tuliijua tangu utotoni katika Mji wa Kale. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, tukiwa na miaka 12, Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Aliyelisoma tangazo lile alikuwa Leonard Mambo Mbotela, ambaye askari waasi wa jeshi la anga walimchukua nyumbani kwake na kumlazimisha alisome. Majirani walianza kuitana dirishani. Baba hakutoka. Alishinda akiusogeza mshale wa redio, mara Dar es Salaam, mara London, mara tena Nairobi, mpaka ilipothibitika kwamba jaribio lile limeshindwa. Ndipo alipofungua mlango na kukaa barazani na wenzake. Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza kutwa nzima, alituambia kwamba habari ni kama samaki wa sokoni, mtu hamlipii kabla ya kumfunua mashavu.

Tuliyasikia maneno hayo, tukayapenda, na tukayasahau.

Katika chumba kile cha Kanyakine, redio ya baba ilikuwa dunia nzima. Tuliufunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi juu ya mparachichi, tukawa na eriali. Mawe ya redio yakidhoofu tuliyaanika juani, yakatupa siku mbili tatu zaidi. Baada ya Maghrib masafa mafupi yalianza kufunguka. Wale mliozaliwa na FM huenda hamjui neema hii. Wimbi la FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na likikuta mlima huishia hapo. Wimbi la masafa mafupi hupanda juu, kilomita mia na zaidi, likakuta tabaka la hewa ambalo jua limelitia umeme, likarudishwa ardhini, likapanda tena, na kwa hatua hizo likavuka bahari na majangwa. Mchana stesheni za mbali huwa katika mita bendi za 16 na 19. Usiku ukiingia, mtu huteremkia 31, 41 na 49.

Nasi tulikuwa na za kusikiliza kwa lugha yetu wenyewe. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, Beijing mwaka 1961, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Tulikuwa tukiwaandikia taarifa za usikivu. Taarifa hiyo hubeba tarakimu tano, kila moja kuanzia 1 hadi 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na stesheni nyingine, mikwaruzo ya anga, kupanda na kuzama kwa sauti, na hali kwa jumla. Sauti safi kabisa huandikwa 55555. Stesheni ikiridhika hutuma kadi ya kuthibitisha kwamba kweli uliisikia, na pengine kalenda. Kalenda hizo zilipamba ukuta wa madrasa yetu, na watoto wa Kanyakine wakajifunza kusoma majina ya miji ambayo mwalimu wao mwenyewe hakuwahi kuiona.

Mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa na redio yake jikoni Mombasa. Hatukuwa na simu, na barua ilikuwa na mwendo wake. Tukakubaliana kwamba kila usiku wa kuamkia Ijumaa tutaifungua Cairo kwa saa moja, yeye kule na sisi huku. Sheikh Abdulbasit Abdulsamad alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1988, lakini kisomo chake kilikuwa kikirushwa bado. Tulijua kwamba anapovuta pumzi yake ndefu, mama naye ameshika kijiko hewani jikoni kwake na hakoroga. Huko kulikuwa kusikiliza kwa halali na kwa baraka. Msomaji alikuwa akiwasomea walimwengu, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Kulikuwa na usikilizaji mwingine. Fundi mmoja wa redio pale Nkubu alikuwa na chombo kilichofika hadi megahezi 27, yalipo masafa ya redio za raia. Marekani waliziruhusu huko mwaka 1958. Zilikuwa na chaneli 23, na mwaka 1977 zikafanywa 40. Madereva wa malori walizipenda hasa tangu uhaba wa mafuta wa mwaka 1973, wakiambizana wapi petroli inapatikana. Kwa kawaida redio hizo hazisikiki mbali. Lakini kila baada ya miaka 11 hivi jua hujaa madoa, tabaka la juu likapata nguvu, na gumzo la watu walioachana kilomita chache likaweza kuvuka bahari. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa ya namna hiyo. Adhuhuri moja kwa fundi yule tulisikia watu wawili wakicheka kwa lugha iliyotuelekea kuwa ya Kitaliano. Hatukufahamu neno hata moja, lakini tulicheka nao. Hilo nalo hatukuliona kuwa na ubaya. Chaneli ile ni ya wote. Azungumzaye humo ni kama aliyekaa barazani, ajua kwamba wapitao njia wanamsikia.

Fundi huyo ndiye aliyetufunza jambo la tatu.

Ukipitisha mshale kati ya stesheni za masafa mafupi, hasa usiku, utakutana na milio kama ya bata. Hao si bata. Ni simu za upepo: hospitali za misheni, polisi, mashirika ya misaada, wafanyabiashara wenye malori. Mitambo yao hurusha upande mmoja tu wa wimbi, na wimbi lenyewe libebalo sauti hufutwa ili kuokoa nguvu. Redio ya nyumbani haiwezi kuifumbua sauti hiyo. Fundi alituonyesha kwamba ukiweka redio ya pili kando ya ya kwanza, ukaitega kilohezi 455 chini ya pale unaposikiliza, mtambo mdogo uliomo ndani yake huvujisha wimbi linaloshika nafasi ya lile lililofutwa. Basi ukigeuza kifundo kwa subira, upana wa unywele tu, bata hugeuka mtu. Anazungumza Kiswahili. Anamwita mwenzake kwa jina.

Tuliinunua redio ya pili kwake siku hiyo hiyo, kuukuu, ganda lake limefungwa kwa mpira. Twaomba msomaji aishike akilini redio hii.

Kwa miezi kadhaa tulikaa na redio mbili kila usiku baada ya Isha. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilikuwa na mtandao wa redio uliounganisha hospitali za mbali na Nairobi, na kwa njia hiyo watu wengi waliokolewa. Nasi tulisikia hospitali zikiulizana dawa. Tulijua ni mgonjwa gani anatapika damu, pengine kabla ya mkewe kujua. Tulijiambia kwamba tunawaombea dua, na kweli tuliwaombea. Lakini lau mtu angetuuliza kama tungesimama nyuma ya pazia la wodi ili tupate kuwaombea, tungesema hatuna adabu ya kukosa hivyo.

Kwa Kiswahili kuna kusikia, na kuna kusikiliza. Kisha kuna kudukiza, yaani kutega sikio kwa siri katika mazungumzo ya watu. Wazee wetu wasingeziweka hizo tofauti kama zingekuwa kitu kimoja.

Ulipofika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, chumba chetu kilijaa watu, Waislamu na Wakristo. Tuliwasikilizisha London na Ujerumani, na yale yaliyosikika usiku yalisomwa gazetini kesho yake. Tangu hapo tukawa mtu anayejua. Mwenye duka la nyama akitaka habari husema, "Kamuulizeni Maalim." Tulipopita sokoni tulisalimiwa mara mbili mbili. Tukatamu, na utamu huo haukuwa na kinga.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Mmoja wa wazazi wa madrasa alikuwa dereva wa lori. Tutamwita Hussein, ingawa silo jina lake. Alikuwa akipeleka nafaka kaskazini, kutoka Isiolo hadi Marsabit, zaidi ya kilomita 250 za vumbi na mawe, kwani siku zile lami iliishia Isiolo. Magari yalikwenda kwa msafara na ulinzi wa askari, kwa sababu ya majambazi. Nyumbani Kanyakine alikuwa na mama mzee, mke, na watoto watatu. Binti yao mkubwa, Halima, alikuwa mwanafunzi wetu.

Ilikuwa Machi 1993, mvua za masika zikikaribia, na radi zilikuwa zikikwaruza redio vibaya. Tuliwapata watu wa msafara wakizungumza na kituo chao cha Isiolo. Sauti ilikuwa ikija na kuzama. Tulisikia hivi: "...Hussein ...mekufa hapa Merille... tume...acha na askari wawili." Kisha mikwaruzo, kisha kimya.

Tulingoja dakika kumi, wala hatukungoja zaidi ya hapo. Tukaenda kumgongea mzee mwenye duka.

Mzee alituuliza, "Maalim, una yakini?" Tukamjibu kwamba tumesikia kwa masikio yetu. Lau si uchaguzi wa Desemba huenda angebishana nasi. Baada ya Alfajiri tulifuatana hadi nyumbani kwa Hussein. Mama Halima alikuwa akichochea moto wa uji. Tukampa mkono wa tanzia. Hakulia mara moja. Alisimama na mwiko mkononi akauliza, "Nani amekwambia?"

Tukajibu, "Redio."

Yeye alidhani ni taarifa ya habari, iliyosomwa Nairobi na watu waliokwisha kuuliza na kuhakikisha. Kwa hiyo hakuuliza tena. Nasi tuliliona hilo usoni mwake, kwamba ameelewa hivyo, na hatukumsahihisha. Tungemwambia nini? Kwamba tulikuwa tumejifungia chumbani usiku na vyombo viwili, tukinyang'anya hewani maneno ya watu wasiotujua, na kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa imeliwa na radi?

Saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa, wa dini zote, walikuja na kuni, maziwa na ndizi, kama ilivyo desturi ya watu wa Meru ambao hawamwachi mfiwa apike. Mama Halima alivua bangili zake. Bibi, mamake Hussein, alikaa kwenye mkeka akiuegemea ukuta na hakutia kitu kinywani. Mdogo wake Hussein alimuuza ng'ombe wao wa maziwa sokoni asubuhi ile, kwa bei ya mtu mwenye haraka, akakodi Peugeot kwenda kuuchukua mwili. Walipofika Isiolo msafara wa siku hiyo ulikuwa umekwisha kuondoka. Wakapita njia ile peke yao, bila askari, katika nchi ambayo malori kumi hayakuthubutu kuipita bila bunduki.

Hilo la mwisho tulilipata siku ya pili, na usiku huo hatukulala. Hadi leo, tunapowaza juu ya jambo hili, hatuwazi sana yaliyotokea. Twawaza yale ambayo yangeweza kutokea katika njia ile kwa sababu ya dakika kumi zetu.

Siku ya tatu, karibu na Alasiri, Peugeot ilisimama mbele ya nyumba. Aliyeketi kiti cha mbele, mikono yake ikiwa myeusi kwa girisi, alikuwa Hussein.

Ekseli ya lori ilikuwa imekatika Merille. Wenzake walikuwa wameliacha lori hapo pamoja naye na askari wawili wa kulinda mzigo, wakaarifu Isiolo. Mdogo wake aliyekwenda na sanda alimkuta akiteleka chai na wale askari. Aliposikia tulivyosikia, Hussein alitutazama kwa muda, akasema, "Walisema gari imekufa, Maalim. Gari."

Ndugu zetu, lugha yetu imeweka mzigo mkubwa juu ya silabi ndogo. Gari ya Hussein *imekufa*. Tume*i*acha. Radi ilikula "gari" na ikala "i", na pale palipobaki tundu, sisi tulitia mtu. Hakuna aliyetulazimisha. Lau tungeuliza kama baba alivyofanya mwaka 1982, lau tungesubiri hata mawasiliano ya alfajiri, tungemfunua samaki mashavu.

Bibi alipomwona mwanawe alianguka. Alilazwa hospitalini siku tisa. Tulikwenda kumtazama, tukakaa kwenye ubao wa kitanda bila ya kujua la kusema. Yeye ndiye aliyeanza. Hakutukemea. Alisema, "Maalim, wewe ukija kwangu mchana hupiga hodi, na mlango wangu uko wazi. Usiku ule ulimpigia nani hodi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tukiwasomesha watoto wakubwa adabu zilizomo katika Sura ya Al-Hujurat, yenye aya 18. Humo mna amri ya kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na humo humo, aya chache mbele, mna katazo la kupelelezana. Tulikuwa tumezivunja zote mbili kwa usiku mmoja. La pili ndilo lililozaa la kwanza. Mtu aliyeambiwa habari uso kwa uso anaweza kuuliza, "Umesema nani?" Adukizaye hawezi kuuliza, kwa sababu akiuliza atajulikana kuwa yupo. Ndiyo maana sikio la mlangoni haliachi kukosea.

Tuliiuza redio ya pili, pamoja na ujanja wake. Fedha yake haikutosha kitu. Tuliongeza mshahara wetu, kidogo kidogo kwa miezi kumi na mmoja, mpaka tukamnunulia Hussein mtamba badala ya ng'ombe aliyeuzwa. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu akapokea, nasi tukaona wepesi. Mama Halima hakumwondoa mtoto madrasa. Alituitikia salamu, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini hakutuuliza tena habari ya jambo lolote. Wala sokoni hakuna aliyesema tena, "Kamuulizeni Maalim." Siku tulipoondoka Kanyakine, mwaka 1996, alituletea mkungu wa ndizi hadi kituo cha matatu. Alisema, "Nimekusamehe siku nyingi, Maalim. Lakini redio ikiwashwa ghafla, moyo bado huruka." Tukaupokea mkungu na hilo jingine.

Redio ya baba ingali nasi. Hewa yenyewe imepungua watu. Mtambo wa BBC wa Shelisheli ulifungwa mwaka 2014, na ule wa Ujerumani uliokuwa Kigali tangu mwaka 1965 ulifungwa mwaka 2015. Taa za kisasa na chaja za simu hujaza mlio mahali palipokuwa kimya. Hata hivyo baada ya Isha bado twapanda darini, na zipo sauti zinazofika. Tunayoisikiliza ni ile inayosema na watu wote. Tukipita juu ya bata, twasogeza mshale.

Sasa jibu, mama yetu. Neno likikuangukia sikioni ukiwa unapita, hukulitafuta, hilo ni kusikia, na twataraji kwamba hakuna lawama maadamu umelifunika. Lakini sauti iliyo ndani ya simu hainyanyuki yenyewe. Ni lazima kidole kiiguse. Kidole hicho ndicho redio ya pili. Kumlinda mtoto mdogo ni jambo jingine, nalo hufanywa waziwazi, mtoto akijua kwamba mama hutazama. Binti yako ni mtu mzima, ameposwa.

Basi usiende kwa shangazi yake, wala kwa watu wa upande wa mume. Nenda kwake mwenyewe, piga hodi hata kama mlango ni wako, umwambie ulichofanya na ulichosikia, kisha umuulize maneno yaliyobaki yalikuwa nini. Itakuwia vigumu, hasa lile la kwanza. Lakini wewe unayo nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo usiku ule: unaweza kuuliza. Huenda jambo ni zito kweli, na mtalizungumza. Na huenda ikawa ni gari lililokufa.

Hussein sasa ni mzee, hapandi tena lori. Kila Idd hutupigia simu kutoka Kanyakine. Hangoji tumuulize hali. Husema, "Maalim, gari bado inatembea," naye hucheka, na nyuma yake twamsikia Mama Halima akimwambia apunguze sauti. Nasi twamwomba ampe simu, tumsalimie yeye mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.